Wimbo wa Samaki wa Wamaza

Waridi alikuwa mpiga video wa harusi mjini Kasongo, na kazi hiyo ilimtosha mpaka alipoitwa Bukavu kwenye mafunzo ya sanaa ya video. Huko walioneshwa kazi ya mwanamke wa visiwa vya mbali, ambako wakubwa wa dunia walijaribia mabomu ya nyuklia. Minazi ilikuwa bado imesimama, lakini nazi zake hazikuliwa tena, na wazee waliohamishwa waliwataja mbele ya kamera samaki ambao wajukuu wao hawajawahi kuwaonja. Waridi alilia. Kwao halikuanguka bomu, ila alimkumbuka mama yake mdogo, Hawa, kule kijijini Wamaza.

Hawa ndiye aliyewaongoza wanawake kuvua kwa vikapu wakati wa kiangazi, wakiwaita samaki kwa majina katika wimbo wa Kibangubangu, lugha yao. Kisha wachimbaji wa dhahabu walifika huko juu, mto unakotokea. Maji yakawa tope, zebaki ya kusafishia dhahabu ikaingia, samaki wakaisha, na wimbo ukakosa kazi.

Waridi alikwenda Wamaza kwa pikipiki, akamwomba Hawa ashuke mtoni na kikapu, aimbe mbele ya kamera. Hawa alikubali kwa furaha, hata akavaa kitenge chake kizuri. Aliingia mpaka magotini, akaimba jina la kwanza, la pili, la tatu. Hapo akanyamaza. Alirudia mwanzo, akakwama palepale. Alibaki akiyatazama maji, na kamera ikabaki ikimtazama yeye.

Jioni Hawa aliomba kujiona kwenye video. Waridi alijua kwamba kile kimya ndicho kilichobeba kazi yote. Hawa aliangalia hadi mwisho.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "usioneshe watu namna nilisahau. Ile haya iko yangu."

"Haya iko ya wale walioharibu muto, mama mudogo."

"Lakini sura ni yangu."

Waridi aliikata sehemu ile. Aliporudi Kasongo na kuonesha video iliyobaki, watu walisifu wimbo ulivyo mtamu, na mama mmoja akauliza kama angemtengenezea hivyo kwenye harusi ya binti yake.

Masika yaliyofuata Hawa alifariki. Ndugu walimtaka Waridi apige video ya mazishi. Alikataa, akasimama kaburini pamoja na wanawake wengine, mikono mitupu.