Samaki wa Wanjala

Wanjala amechoka, na uchovu wake si wa mgongo wala wa miguu. Ni uchovu wa koo. Amewasemea wanajeshi, maharusi, majambazi, wafalme na mbwa, na wote hao wamepita kooni mwake wakaenda zao bila hata kuaga. Jumapili jioni akirudi nyumbani hana sauti ya kuomba chumvi. Mkewe Nerima amezoea. Humtazama mikono tu, akajua anataka nini.

Kampala filamu haiangaliwi hivi hivi kama mtu anavyoangalia mvua. Lazima awepo VJ, mtu wa kukaa kando ya skrini na maikrofoni, akitafsiri na kutia chumvi, na pale filamu inapopwaya yeye anaikaza. Ma-VJ wenye jina husema Kiluganda. Wanjala, Mbukusu wa Bungoma, Kenya, aliyekuja kutafuta maisha akayakuta yamejaa watu, yeye husema Kiswahili, Jumapili baada ya kanisa, katika kibanda cha Oyat huko Namuwongo, chini karibu na reli. Wateja wake ni Wakenya na Wakongo. Saa ile moja ya juma ndiyo yake. Siku nyingine anauza kadi za simu na chaja, na hakuna anayemwuliza sauti yake.

Saa hiyo ilikuwa inamponyoka. Oyat, mwenye kibanda, alikuwa askari zamani na Kiswahili chake bado kimevaa buti.

"Wanjala, rafiki yangu, benchi iko tupu. Watu yako iko wapi? Jumapili hii na ingine, basi. Mimi naweka mpira ya Wazungu."

"Watu watakuja."

"Watu iko na filamu kwa simu. Wewe leta kitu mpya."

Kitu kipya kililetwa na Fadhul, nacho kilikuwa cha zamani. Fadhul ni Mnubi wa Bombo, kijana wa miwani anayeandika habari za filamu mtandaoni na kualikwa redioni kuzibishania. Alimletea Wanjala katuni ya Wajapani kwenye flashi, akaikabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mtu mtoto mchanga.

"Mzee Wanjala, hii ni mama wa katuni zote. Ilipotoka mara ya kwanza wakosoaji waliikandia. Walisema ina giza, inachosha, nani atamlipia mtoto akaone huzuni? Leo hao hao wanaiimba. Nimeandika juu yake mpaka wenzangu wamenichoka. Lakini sijawahi kuisikia kwa Kiswahili."

Kisha akamweleza. Ni habari ya mji wa siku zijazo. Walio juu wanaogopa walio chini, basi kila alfajiri king'ora kinalia, walinzi waliofunika nyuso wanashuka na malori, wanapakia watu. Msichana mmoja mwenye koti la manjano anamwona baba yake akipakiwa. Filamu nzima anamtafuta. Mwisho wake anasimama peke yake katika mji mtupu, kwenye moshi, na king'ora kimenyamaza.

"Na malori yalikwenda wapi?" Wanjala aliuliza.

"Haisemi!" Fadhul alipiga kofi gotini kwa furaha. "Huo ndio uzuri wake wote. Watu wanabishana mpaka leo."

Wanjala aliipenda pia, lazima tuseme haki. Aliitazama nyumbani akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kwamba hapa hapana haja ya chumvi. Alijipangia kusema kidogo, kwa sauti ya chini, maneno yaliyomo tu.

Aliyeharibu mambo ni Oyat na chaki yake. Kwenye ubao wa nje aliandika neno moja kubwa: KATUNI. Sasa, Namuwongo nzima inajua katuni ni kitu cha watoto. Wanawake waliotoka kanisani na bado wana nguo za kufua na masufuria ya kusugua waliusoma ule ubao wakamshukuru Mungu. Wakawasukuma watoto kibandani, wakubwa wakiwa wamebeba wadogo, wakarudi kwenye mabeseni yao. Wanjala aliposhika maikrofoni akainua macho, kibanda kilikuwa kimefurika, wala hapakuwa na ndevu hata moja isipokuwa za Fadhul, aliyesimama nyuma mlangoni.

Filamu ilishaanza. King'ora kililia. Malori yakashuka. Watoto wa mbele walianza kushikana mikono, na wengi wao walikuwa Wakongo, na Wanjala alijua kidogo yale waliyoyakimbia. Baba wa yule msichana akashikwa makwapa, akainuliwa.

Ungefanya nini wewe? Kuzima mashine, na Oyat amesimama pale akitabasamu kwa kuona mabenchi yamejaa? Wanjala alikohoa.

"Haya jamani! Huyo baba anakwenda wapi asubuhi yote hii? Anakwenda Ggaba! Anakwenda sokoni kununua sangara, maana mama amechoka na maharagwe!"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, naye aliyaoga mpaka masikioni. Walinzi wakawa wachuuzi wa samaki waliofunika pua kwa harufu. King'ora kikawa kinaita watu sokoni, moshi ukawa wa mabanda ya kukaushia samaki. Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka toka kwenye benchi. Ila ule mwisho ulimkaba. Msichana amesimama peke yake, hakuna kitu, hakuna mtu, na watoto wameanza kuuliza: "Na samaki je? Baba yuko wapi?"

"Huyo hapo!" Wanjala akapaza sauti kwa nguvu za mwisho. "Nyuma ya moshi! Hamumwoni, ana samaki begani? Angalieni vizuri, anarudi nyumbani!"

Nao wakamwona. Wakamshangilia.

Fadhul alimngoja nje, miwani mkononi, macho mekundu. "Umeiua, mzee. Nimekupa kitu hai, umeniletea maiti inayocheka." Akaenda zake, na kwa hasira akatupa mtandaoni kipande cha video ya samaki alichokuwa amekirekodi kwa simu, dunia ione jinai ile.

Dunia iliona, ikacheka. Kufikia katikati ya juma Nerima alikuwa amekaa kizingitini, anachambua mchele kwa mkono mmoja na kusoma simu kwa mwingine.

"Baba Moreen, hawa watu wanakutukana kwa Kiingereza kirefu mpaka nashindwa kujua kama ni matusi ama ni mtihani. Huyu anasema umenajisi kazi ya sanaa. Huyu wa Nairobi anasema hii ndiyo bora kuliko ile ya Wajapani. Huyu anasema VJ apewe ubunge."

Wanjala alikunywa tangawizi yake. Waliomsifu walimchosha kuliko waliomtukana. Boda boda barabarani walikuwa wakimwita, "Anakwenda Ggaba!" na Oyat alikuja mwenyewe, akamshika bega.

"Jumapili unarudia hiyo. Hiyo hiyo, na samaki ndani! Watu wazima nayo inakuja sasa. Mpira nimetupa. Jumapili iko yako, mwaka mzima."

Basi saa yake ilikuwa imeokoka. Angepaswa kufurahi, akajaribu, akaona hata furaha inataka nguvu.

Siku iliyofuata Nabintu alikuja kwenye meza yake ya chaja. Ni mama Mkongo, huzungusha vitenge mitaa ya Kabalagala akiwa amevibeba kichwani, na bintiye Estelle alikuwa mmoja wa wale wa benchi la mbele. Alitua mzigo wake, akakaa juu yake.

"Papa Wanjala, sikukuya kugombana."

"Karibu, mama. Kuna nini?"

"Estelle anaenda kila siku ku steji, pale taksi za Ggaba zinashusha bantu. Akitoka masomo anaenda kusimama pale mupaka giza. Anangoja papa yake na samaki."

Wanjala aliweka chini chaja aliyokuwa ameishika.

"Siku walimupakia papa yake mu lori, kwetu Kabare, aliniuliza: papa anaenda wapi? Nikasema anaenda ku soko. Ningesema nini ingine? Alikuwa mudogo. Akaniuliza: mbona hakubeba kitunga? Nikamunyamazisha. Nilifikiri atasahau." Alifuta uso kwa pindo la kitenge. "Sasa ameona ku skrini: papa ameenda na lori ku soko, na anarudi. Juzi nikasema basi, nimuambie ukweli. Unajua alinijibu nini? Mama, wewe hukuangalia mupaka ku mwisho."

Wanjala alisogeza kando chaja zake, akainama karibu naye.

"Wewe uliweka ile samaki mule," Nabintu alisema, si kwa ukali. "Wewe uitoe. Mimi sauti yangu haamini tena. Yako anaamini. Nitakaa naye pembeni."

"Mama Estelle, Jumapili kibanda kitajaa watu. Wanakuja kwa ajili ya huyo samaki. Oyat atanifukuza."

"Najua," alisema Nabintu. Akajitwika vitenge vyake akaondoka, hakumsihi wala kumlaani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Usiku Nerima alipoelezwa, aliukoroga uji hadi ukapoa. Kisha akasema, "Mwambie mtoto ukweli. Oyat akitaka, arudishe mpira wake. Lakini pia ujue, Baba Moreen, ukikosa hiyo Jumapili utakuwa mgonjwa humu ndani. Mimi nitakuvumilia. Sisemi itakuwa rahisi."

Jumapili kibanda kilijaa mpaka watu wakashika madirisha kwa nje. Safari hii ndevu zilikuwepo: waashi, boda boda, Wakenya wa dukani wamekuja na wake zao. Fadhul naye alikuwepo pembeni, amekunja mikono, amekuja kuchukia mara ya pili. Estelle alikaa mbele kabisa na gauni lake la kanisani, mamaye ubavuni. Alimpungia Wanjala mkono kama mtu anayempungia mjomba.

King'ora kililia. Kibanda kizima kikaanza kupiga miguu chini: "Sa-ma-ki! Sa-ma-ki!" Malori yakashuka. Oyat mlangoni aliinua dole gumba. Baba akashikwa makwapa. Wanjala alisikia utani ukimjia wenyewe kooni, umelainika kwa kutumika, uko tayari. Alikuwa amechoka, hata kuuzuia kulikuwa kazi.

"Huyu baba," alisema, "haendi sokoni."

Watu walicheka, wakidhani mzaha umepandishwa daraja. Wakangoja.

"Hawa si wachuuzi. Ni walinzi. Wamekuja kumchukua. Binti yake yuko pale dirishani anaona. Anaita baba, baba. Baba hawezi kujibu, wamemziba mdomo."

Kicheko kilikatika kwa vipande, nyuma kwanza. Mtu akapiga mluzi. "We VJ, samaki!" Mwingine akasema amedanganywa, akasimama. Oyat alikuwa akikata hewa kwa mkono, acha hiyo, acha. Wanjala hakumtazama. Alimtazama Estelle, kwa sababu Estelle alikuwa ameiacha skrini na kumgeukia yeye.

"Na ku mwisho?" mtoto aliuliza kwa sauti, kibanda kizima kikisikia. "Ku mwisho anarudi na samaki."

"Hapana, Estelle. Nilikudanganya. Nyuma ya moshi hakuna mtu."

"Nilimuona."

"Nilikuambia umwone, ukamwona. Kosa ni langu, si la macho yako."

Estelle alifikiri. Nabintu alikuwa amemshika mkono, na macho yake mwenyewe ameyafumba.

"Basi lori inamupeleka wapi?"

Wanjala alikumbuka Fadhul akipiga kofi gotini kwa furaha. Alitupa jicho pembeni. Fadhul alikuwa amekunjua mikono yake, anatazama sakafu.

"Haisemi," Wanjala alisema kwenye maikrofoni, taratibu. "Nimeitazama mpaka mwisho, mwanangu, mara nyingi. Haisemi."

Mtoto aliangua kilio. Hakikuwa kilio cha kuogopa picha; kilikuwa kikubwa kuliko gauni lile. Nabintu alimvuta, akamzika kifuani, na sasa mama naye alilia, wazi, mbele ya waashi na boda boda. Mabenchi ya nyuma yalianza kupungua. Oyat alitoka nje, akachukua kitambaa, akaufuta ubao.

Filamu iliendelea. Wanjala aliendelea nayo, kwa sauti iliyobaki, akisema tu yaliyomo: sasa anatembea, sasa anagonga mlango, hapa hakuna mtu. Baada ya kitambo kidogo Estelle aliinua uso kutoka kifuani mwa mama yake, akajipangusa kwa kiganja, akaitazama skrini.

"Sema kwa nguvu," alimwambia. "Sisikii."

Wanjala akasogeza maikrofoni karibu na mdomo.