Walisema Mlango Wameufunga

Niseme mapema, ili msomaji asifike mwisho akiwa bado anatafuta: anayewajibika kwa kifo cha jirani yangu wa Seme ni mwenye duka la milango lililomuuzia mlango wa gereji na kutuma watu wa kuuweka. Si marehemu mwenyewe, kama inavyonong'onwa sokoni. Si upepo wa ziwa, kama alivyodai msimamizi wa duka hilo mbele ya wafiwa. Wala si vibarua walioshika nyundo, ambao walifanya walichoagizwa na wakaondoka walipoagizwa kuondoka. Jirani yangu alifariki Jumapili baada ya ibada, mbele ya gereji yake, akiwa bado amevaa suti ya kanisani, na mkewe akimtazama kutoka ndani ya gari. Tumemzika. Nilingoja matanga yaishe kabla ya kuandika, kwa kuwa si adabu kubishana juu ya jeneza. Matanga yameisha, na sasa naandika.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba miaka yangu ya kazi niliitumia katika idara ya serikali iliyosimamia majengo ya umma, na kwamba sina mazoea ya kumtaja mtu kwa ubaya kabla ya kusikiliza pande zote. Marehemu hakuwa rafiki yangu wa ujana. Tulifahamiana uzeeni, alipofunga biashara yake ya nyavu mjini Kisumu na kuja kujenga karibu na maji, ng'ambo ya Kombewa, ambako mimi nilikuwa nimetangulia. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili. Ukimjibu, alinyamaza kidogo, kisha akakuuliza tena vilevile, akikutazama usoni. Mwanzoni tabia hiyo iliniudhi. Aliponieleza chanzo chake nilimheshimu. Kwa miaka mingi aliwauzia nyavu wavuvi wa Usenge, alisema, na alikuwa amejifunza kwamba jibu la kwanza mtu hulitoa ili uondoke, na la pili ndilo hulitoa baada ya kufikiri.

Mkewe alipatwa na kiharusi muda mfupi baada ya wao kuhamia. Akabaki na akili zake zote na ulimi wake wote, ingawa wa polepole, lakini miguu ikakataa. Nyumba yao ilikuwa na gereji yenye mlango mdogo wa ndani unaoingia moja kwa moja jikoni, ili mama yule ashushwe kwenye kiti chake cha magurudumu bila kunyeshewa. Mpango huo ulikuwa mzuri, ila milango ya mbele ya gereji ilikuwa ya mbao, miwili, ya kufungukia nje. Unyevu wa ziwa uliivimbisha. Kila walipotoka kliniki Kombewa, marehemu alishuka, akavuta upande mmoja, akauwekea jiwe, akavuta wa pili, akarudi kwenye gari, na mara nyingi upepo ulikuwa umekwisha kuurudisha ule wa kwanza. Aliniambia jioni moja kwamba mkewe alikuwa amemtamkia jambo lililomnyima usingizi. Alimwambia kuwa ugonjwa ameuzoea. Asichoweza kuzoea ni kukaa kwenye gari akimwangalia mume wake anapigana na mbao kwa ajili yake. Hapo ndipo alipoamua kununua mlango mpya. Nasisitiza chanzo hiki kwa sababu zimesemwa habari nyingine, za mzee aliyetaka makuu.

Ndugu zake wa ukoo nao walimtania, kama desturi yetu ilivyo. Walipoona mafundi wakipanua uwazi wa gereji, binamu yake mmoja, mkulima kutoka Pap Onditi aliyekuja kusalimia, alisimama katikati ya ua akapima kwa macho mlango wa sebule, kisha akapima ule wa gereji. "Bwana," akamwambia, "kwa hii boma yako, kwani ni gari ndio mwenyewe?" Watu wakacheka. Marehemu alicheka pia, kisha akajibu bila kuinua sauti: "Gari ni gari tu. Mwenye boma ndiye huyo anakaa ndani yake." Binamu alivua kofia. Sijapata kusikia mtu akimsifu mkewe mbele ya wanaume wa ukoo kwa maneno machache kuliko hayo.

Aliniomba niandamane naye kuuchagua mlango, nami nikakubali. Tulikwenda Kisumu watatu, na kwa kuwa mbele ya duka palikuwa na ngazi, mama alibaki kwenye gari, lililoegeshwa likiutazama ukuta wa duka. Ndani, muuzaji mchangamfu alituonyesha kwanza mlango wa umeme. Alisema mzee atabonyeza rimoti akiwa bado barabarani na mlango utajifungua wenyewe. Marehemu akauliza, na stima ikipotea? Muuzaji akajibu kwamba basi mzee atabonyeza itakaporudi. Marehemu akauliza tena, vilevile, na stima ikipotea? Muuzaji akatupeleka kwenye milango mingine. Ule wa mbao ngumu ulikuwa mzuri, lakini mbao alikuwa amekwisha kuzichoka. Wa alumini haungeliwa na kutu, ila ulimtia shaka kwa wepesi wake, maana kwetu upepo wa alasiri unapotoka ziwani haubishi hodi. Akachagua wa chuma kilichopakwa zinki, ule wa kujikunja kama mkeka kwenye bomba kubwa lililolazwa juu ya uwazi, wenye springi ndani ya bomba za kubeba uzito. Muuzaji aliunyanyua kwa kidole kimoja. Marehemu akaomba anyanyue tena. Kisha akanigeukia akasema, karibu kwa kunong'ona, "Huu mama ataweza mwenyewe, akiwa ameketi." Hicho ndicho alichokuwa akinunua. Nilikiona usoni mwake.

Ijumaa vibarua walikuja. Jumamosi hapakuwa na kibarua yeyote, na marehemu alikuwa kwangu asubuhi tukinywa chai, kwa hiyo ninachosimulia sasa sikukisikia kwa mtu wa pili. Alimpigia simu msimamizi wa duka, akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Msimamizi si mtu wa kwetu, na ndiyo maana walizungumza Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja wao aliivaa kwa heshima ya mwenziwe. "Mlango mmefunga?" aliuliza marehemu. "Ndiyo mzee, tumefunga." Kama kawaida yake, akauliza tena: "Mlango mmefunga?" "Tumefunga mzee. Kabisa." Akashukuru, akamwombea baraka, akamalizia chai yake akiwa na furaha ya mtu ambaye kesho atamshusha mkewe kivulini.

Msomaji anaona tulipofika. Marehemu alikuwa akiuliza kama mlango umefungwa kama mtambo unavyofungwa: umewekwa, umekazwa, uko tayari kutumika. Nami nilisikia hivyo, na mtu yeyote ambaye mafundi wako kwake angesikia hivyo. Msimamizi, kwa maelezo yake ya baadaye, alikuwa akijibu kwamba mlango umeshushwa mpaka chini, hauko wazi, wezi wasiwe na wasiwasi. Ukweli ni kwamba bolti za kushikia bomba upande wa kushoto zilikuwa zimepungua. Vibarua waliagizwa kwa simu waegemeze upande huo kwa kipande cha mti, washushe mlango, waende kazi nyingine mjini, wamalizie Jumatatu. Hawakuacha hata kamba iliyofungwa mbele ya mlango kama ishara. Jumapili jirani yangu alisimamisha gari, akashuka, akamwambia mkewe atazame, akainama, akaunyanyua. Bomba liling'oka upande wa kushoto, likamwangukia. Sitaeleza zaidi. Mama alikaa kwenye gari asiweze kushuka, akipiga honi mpaka tulipokuja.

Msimamizi alifika kwenye matanga, na hilo nitaliandika kwa haki yake. Alileta sukari na rambirambi. Lakini alipoulizwa na wazee, alianza na upepo, na upepo ulipokataliwa kwa kuwa Jumapili ile majani hayakutikisika, akasimama kwenye neno. "Wazee wangu, mimi nilisema tumefunga," alisema. "Kufunga ni kufunga. Sikumwambia afungue." Wengine walitikisa vichwa kama watu walioona hoja. Ndipo mjane akaomba kiti chake kisogezwe mbele. "Mwanangu," akamwambia polepole, "siku ile tumekuja kwenu mimi nilibaki nje. Nilisoma ukuta wa duka yenu mpaka nikachoka. Imeandikwa, tunauza milango, tunafunga milango. Hiyo ya ukutani ni kufunga gani?" Msimamizi aliaga.

Nimekaa na swali lile. Sisi wa upande huu wa ziwa tunazungumza Dholuo nyumbani, na katika Dholuo neno moja, dhoot, ni mlango na pia ni ukoo. Hatujawahi kumzika mtu kwa sababu ya neno hilo, kwa kuwa aliye na shaka huuliza, na aliyeulizwa huona wajibu wa kueleza. Ugeni wa Kiswahili kwetu, basi, hauwezi kuwa kisingizio. Jirani yangu aliuliza. Aliuliza mara mbili. Nilipokuwa kazini, mafundi wetu walisema "tumefiti", yaani tumeuweka na kuukaza, na mimi nisiyependa lugha ichanganywe nilikuwa nikiwasahihisha. Leo nakiri kwamba neno hilo la vichochoroni lingemwacha mtu huyu hai, na Kiswahili safi cha kwenye simu hakikumfaa kitu, kwa sababu aliyekisema alikuwa mbali na mlango wenyewe na hakuwa amekwenda kuuona.

Hapo ndipo penye kosa, wala si kwenye kamusi. Zamani katika idara yetu hakuna lango la shule wala la zahanati lililopokelewa kwa maneno. Aliyelijenga na aliyelipokea walisimama chini yake pamoja. Mjenzi alifungua na kufunga kwanza, mwenyewe, kichwa chake kikiwa pale ambapo vichwa vya wengine vingekuwa. Ndipo mpokeaji alipofuata. Utaratibu huo ulichekwa kama urasimu wa wazee wa faili, na sasa umekufa. Siku hizi kazi huanzishwa kwa simu na kukabidhiwa kwa simu. Msimamizi akiwa mjini husema "iko sawa mzee" kuhusu kitu ambacho hajakiona, na mnunuzi mwenye adabu hushukuru. Tumefanya "iko sawa" kuwa salamu. Jirani yangu aliamini kwamba ni jibu.

Juzi duka lilituma ujumbe kwa mjane: watakuja kuuchukua mlango na bomba lake, na kuweka mwingine bila malipo. Mjane amekataa. Mlango umelala pale ulipoanguka, umefunikwa turubai, na kile kipande cha mti kiko chini yake. Mama huyo sasa huingizwa nyumbani kwa mlango wa mbele, akibebwa na wanaume wawili, mvua ikimpiga. Ameniambia atavumilia kubebwa, mradi hakuna mkono utakaoufunua mlango ule kabla haujatazamwa na mtu mwenye mamlaka ya kuutazama.

Kwa hiyo, kwa idhini ya mjane, natoa dai hili hadharani. Namtaka mwenye duka, yeye mwenyewe na si mjumbe wake, afike katika boma la marehemu huko Seme, mbele ya mkaguzi wa majengo wa kaunti na wazee wa ukoo. Asimame chini ya uwazi ule. Aeleze ni nani aliyeamuru vibarua waondoke kazi ikiwa nusu, ni kwa nini hapakuachwa ishara yoyote, na ni nani dukani mwake mwenye wajibu wa kuona kwa macho kabla ya kumwambia mteja kwamba kazi imekwisha. Namtaka akiri wajibu wake kwa mjane, na aulipe kwa kadiri itakayoamuliwa na wenye mamlaka. Hadi hapo mlango hautaguswa. Na kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la kwanza, na la pili alilopewa halikuwa la kweli, naliuliza swali lake kwa mara ya tatu, kwa niaba yake, na safari hii anayepaswa kulijibu ni mwenye duka: mlango mliufunga?