Kikaango cha Mama

Transfoma ya mtaani imelipuka, na fundi anatuambia mafuta yake yaliingia maji, kana kwamba kagundua jambo. Harufu ile ya mafuta yaliyoungua imenipandisha hasira ya zamani, ya utotoni Kihesa, jikoni kwa mama.

Baba alikuwa kibarua wa kituo cha umeme. Jioni moja alirudi na mafuta ya transfoma kwenye kikopo, akayamimina kwenye kikaango cha mama kilichokuwa motoni. Yakalia, yakaturukia mikononi.

"Kikaango changu!" mama alifoka.

"Sikia yanavyolia, mama watoto. Yana maji haya. Pipa limeachwa wazi mvua nzima, na kesho wanayatia."

Asubuhi alimweleza Mzungu wake, fundi mkuu, jinsi mafuta yalivyolia kikaangoni. Akajibiwa, "Wewe kazi yako kufagia. Fagia."

Mafuta yakatiwa. Siku ya tatu transfoma ikapasuka.

Askari walipokuja nyumbani hawakuuliza habari za pipa. Walichukua kikaango, na baba akafungwa kwa wizi wa mafuta. Aliyekinyanyua mahakamani, watu wote wakione, ni yule yule fundi mkuu aliyeacha pipa wazi.