Njiti Iliyopima Mvua ya Kimulot

Miaka ya tisini, ofisi ya majani chai nilikofanya kazi ilipokea kwa posta disketi nne zenye programu ya bure. Kazi yake ilikuwa kueleza rekodi: nani alipima, wapi, kwa chombo gani, kwa kipimo gani. Barua yake ilituruhusu kuinakili, kuigawa, hata kuifungua ndani na kuirekebisha. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Rekodi zetu zilikuwa za mvua, kutoka kwa wakulima. Zisizoelezeka zingeachwa nje ya orodha ya programu, na orodha ingefungwa Ijumaa. Madaftari ya gogo mmoja, yaani bibi mzee, wa Kimulot, mjane mwenye chai kidogo na ng'ombe watatu, yakanishinda. Miaka na miaka ya mvua, na kila siku ameandika: njiti mbili, njiti tatu na nusu. Programu ilijua milimita na inchi tu. Bosi akasema tuyaache. Nami, nakiri, nilicheka.

Kuyarudisha kwa posta niliona aibu, kwa hiyo Alhamisi niliyapeleka mwenyewe.

"Chamgei, gogo," nilimsalimu, kisha nikamweleza. "Njiti za kiberiti hazilingani. Ya leo si ya jana."

"Njiti gani mingi?" akashangaa. "Mimi iko na moja tu."

Akafungua Biblia, akatoa njiti moja iliyolainika kwa kushikwa. Ni hiyo hiyo tangu siku ya kwanza. Halafu akanionyesha ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, ambao mimi mjuaji sikuwa nimeusoma: kopo la mafuta ya kupikia, liko mbali na miti, napima asubuhi nikimaliza kukama, nikienda Kaplong, jirani anapima. Maswali yote ya programu alikuwa ameshayajibu. Rekodi zetu nyingi za milimita hazikuwa na hata nusu ya hayo.

Niliipima njiti kwa rula. Ijumaa asubuhi nikaifungua programu, nikaongeza kipimo cha tatu, njiti. Ikakubali!

"Haya madam, weka," bosi akasema.

Tukawatumia watunzi wa programu marekebisho hayo. Miezi kadhaa baadaye zikaja disketi mpya, na chini ya inchi palikuwa na njiti ya Kimulot. Nilipiga kelele ofisi nzima ikaja mbio.

Gogo aliisoma karatasi niliyomchapishia na kumpelekea, kidole kikifuata kila neno.

"Sasa watu ya mbali wanajua njiti yangu?"

"Wanaijua, gogo."

Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akairudisha njiti kwenye Biblia.

"Waambie hii yenyewe siwezi peana. Mvua bado inanyesha."