Mtungi wa Gesi Uliovimba Siku ya Maonyesho

Aibu hii singeisimulia, ila wazazi wengi wa pale Lubao waliiona kwa macho yao, basi afadhali muisikie kwangu mimi niliyenuka.

Nafundisha sayansi sekondari msingi. Wanafunzi wangu wa gredi ya nane, wakiongozwa na msichana makini anayeitwa Nekesa, walikuwa wametengeneza gesi ya kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe: mtungi wa plastiki, koki juu yake, na mpira wa kupeleka gesi kwenye tyubu ya baiskeli. Jioni ya kuamkia maonyesho ya sayansi nikaona tyubu imelegea, nikaogopa tutaaibika mbele ya majaji, nikamimina molasi ile tunayolishanga ng'ombe ili gesi ije haraka, kisha nikafunga koki ili gesi isipotee (niliona nimefanya jambo la akili sana), nikaenda kulala.

Asubuhi darasa limejaa wazazi, majaji wako mlangoni, na Nekesa ananivuta shati.

"Mwalimu, mtungi umefura."

"Hiyo ndiyo gesi tunayotaka."

"Lakini unalia."

Nikainama. Kweli ulikuwa unalia, kisauti chembamba, na tumbo lake limekuwa duara kama la mama mjamzito. Nikashika koki nifungue, ikakatikia mkononi. Hapo hapo nikakumbuka kundi la meza ya pili wamewasha jiko lao la makaa.

"Nekesa, toa wenzako kupitia dirishani, polepole. Zimeni hilo jiko."

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Watoto wakatoka mmoja mmoja, wazazi wananiangalia bila kuelewa, nami nikaukumbatia ule mtungi, nikakimbilia mlango wa pekee, nikipiga kelele watu wapishe, na wote walipisha isipokuwa jaji mkuu, mama mmoja mwenye suti nyeupe, aliyedhani namletea mradi aukague.

Ukapasuka katikati yetu.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini kinyesi kilikuwa kwenye nywele za jaji, kwenye tai yangu, na kwenye keki ambayo mwalimu mkuu alikuwa amewaandalia wageni. Yule mama akavua miwani, akaipangusa, akamgeukia Nekesa, aliyekuwa amezunguka hadi mlangoni.

"Nielezee kilichotokea."

Nilimtazama Nekesa kwa macho ya kumsihi. Hakunitazama.

"Mwalimu aliongeza molasi jana na hakutuambia. Ilichachuka, koki ilikuwa imefungwa, hewa ikakosa pa kutokea. Sisi tulikuwanga tunaifungua kila jioni."

Wazazi wakanigeukia wote kwa pamoja. Jaji akasema maelezo hayo ni sahihi kabisa, akampa Nekesa alama za maelezo, lakini mradi haukwenda ngazi ya kaunti, na watoto walilia njia nzima wakinisindikiza mtoni nikaoge.

Tangu siku hiyo sijagusa mradi wa mwanafunzi hata kwa kidole. Nikiona wamekosea, nauliza swali, halafu nafunga mikono yangu nyuma.