Pengo Nililoliziba

Mimi ni seremala hapa Kasulu, na nikiona pengo kwenye mbao mkono unaniwasha. Juzi Mzee Bukuru, mwindaji mwenye kibali, alinionyesha bunduki yake. Mvua ilikuwa imevimbisha mbao inayobeba mtutu: upande mmoja iligusa mtutu, upande wa pili palikuwa na pengo.

"Risasi zinakwenda kushoto. Nataka pande zote ziwe sawa," akasema, akaniachia mbao, akaondoka na chuma chake.

Sikuuliza. Nikaliziba pengo kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa huku najisifu.

Leo karudi. Mtutu tumeuingiza kwa kuugonga, wateja wanatazama.

"Hapo hata sisimizi hapiti, mzee!" nikamwambia.

"Fundi," akasema taratibu, "mtutu hautakiwi kugusa mbao. Nilitaka sisimizi apite pande zote."