Kaka Yangu Alivyoongoza Ngoma ya Baba

Mwezi Machi mwaka 1996 nilimpoteza kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba yetu. Alifia nchi ya mbali, kwenye mji wa baridi ambao mimi siujui, na huko huko wakamzika. Sisi huku kwetu Ngokolo hatukuwa na simu, kwa hiyo habari ilipitia dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga, aliyekuwa anafahamiana na kaka. Mzee yule hakutuma mtu. Aliacha duka, akaja mwenyewe kwa miguu juani, akavua kofia mlangoni kwetu kabla hajasema neno. Tulijua.

Waliokuja msibani walimsifu sana, lakini wengi hawakujua alikuwa anafanya kazi gani. Wengine walisema alikuwa mwanamuziki, wengine walisema mwalimu, jirani mmoja alishikilia kwamba alikuwa ubalozini. Mimi niliishia darasa la saba na sikuwahi kufika Ulaya. Nitasema niliyoyaona mwenyewe na machache aliyonieleza.

Alikuwa mwongoza okestra. Okestra ni kundi kubwa la wapiga fidla, filimbi, matarumbeta na ngoma, wanaokaa kwenye viti na kupiga pamoja muziki ulioandikwa. Yeye husimama mbele yao na kuwaonyesha kwa mikono nani aanze, nani apunguze, nani anyamaze. Alianzia kwenye kwaya ya misheni. Mwalimu wa kwaya alipougua, wakamsimamisha yeye juu ya kreti la soda kwa sababu alikuwa mfupi, na kwaya ikaimba vizuri kuliko ilivyozoea. Akaenda chuo cha ualimu, akapita kwenye bendi ya matarumbeta Dar es Salaam, kisha akapelekwa kusoma nje. Miaka ikapita. Aliongoza okestra katika nchi ambazo nikizitaja nitakosea. Baadaye wakamkabidhi pia uendeshaji wa okestra nzima: kutafuta wafadhili, kumbi na mabasi, na kupatanisha wapiga vyombo waliokosana. Nilimuuliza kama hilo si jambo la makarani.

"Dada, mpiga fidla akikalia kiti kibovu hakuna muziki," alisema. "Nusu ya kazi yangu ni viti."

Sasa, baba yetu alikuwa manju. Manju ni mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Kisukuma. Hutunga nyimbo, huimba mbele, hupatana na wapinzani siku ya mashindano, huhakikisha wachezaji wamekula safarini. Mimi niliona kazi ya baba na kazi ya kaka ni moja. Baba hakuona hivyo. Kaka aliwahi kutuletea kanda ya okestra yake. Tuliiweka kwenye redio, baba akasikiliza upande wote mmoja bila kukohoa, kisha akauliza:

"Wewe ni sauti ipi humu?"

"Mimi sisikiki, baba. Mimi nawaongoza."

"Manju asiyeimba," baba alisema, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Kaka alicheka, lakini alibaki amekaa pale muda mrefu. Aliniambia kwamba ameshaongoza mbele ya mawaziri na maaskofu, na bado angetaka baba amwone kazini mara moja tu.

Mwaka 1995 alikuja likizo wakati wa mavuno, akamkuta baba hana sauti. Koo lilikuwa limeharibika, na daktari alikuwa amemkataza kuimba kabisa. Alibaki na mnong'ono tu. Na kundi lake lilikuwa limeshapatana mashindano huko Segese, karibu na machimbo ya dhahabu.

Kwetu ngoma hazisubiriani. Kuna vyama viwili vya ngoma vya tangu zamani, Bagalu na Bagika. Kundi la Bagalu na kundi la Bagika huanza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu hukimbia kutoka huku kwenda kule kufuata lililo tamu. Jioni, mwenye watu wengi ameshinda. Usipofika umeshindwa, na wenzako watakuimba mpaka mavuno mengine. Sisi tulikuwa Bagalu. Baba alikuwa tayari kutuma ujumbe kwamba hatuendi.

"Nitaongoza mimi," kaka alisema.

Baba alimtazama. "Utaimba?"

"Ataimba yule mama muuza dagaa wa kundi lako. Ana sauti na nyimbo zako zote anazijua. Mimi nitaongoza."

Baba hakukubali wala hakukataa. Alinyoosha mkono, akamwonyesha ngoma zilipo.

Wakafanya mazoezi uani kwetu. Mpiga ngoma mkuu alikuwa mume wangu, fundi baiskeli, mtu wa maneno, na kwa kuwa ni mashemeji hakumwachia nafasi.

"Shemeji, unataka ngoma inong'one? Segese wataisikia kwa barua?"

"Anza chini, halafu panda. Ukianza juu utapanda wapi?"

"Juu ya paa la baba mkwe."

Watu walikuwa wakicheka, lakini walifanya. Kaka alimsikiliza kila mmoja peke yake, hata wale wa nyuma ambao kazi yao ni kuitikia tu. Hakumkemea mtu. Akisikia kosa alifumba jicho moja, basi, na aliyekosea alijijua. Nilikuwa napika ugali wa watu wale wote huku nimegeuza shingo, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba nyimbo za baba zina sauti nyingi namna ile ndani yake.

Gari pia alilipata kaka. Alikwenda kwa yule mfanyabiashara wa Kihindi niliyemtaja, akanywa chai yake, akarudi na lori la pamba pamoja na dereva. Kilichotakiwa ni kwamba lori lifungwe kitambaa kikubwa chenye jina la duka.

"Umeuza ngoma yangu kwa kitambaa?" baba alinong'ona.

"Baba, ulitaka waende kwa baiskeli?"

Mume wangu akasema baiskeli anazo, ila zote ni za wateja.

Uwanja wa Segese ulikuwa umejaa. Wachimbaji walikuwa wametoka maduarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, na vumbi lao, wenye maduka wamefunga, wanawake wamekuja na watoto mgongoni. Tulimkalisha baba kwenye kigoda pembeni, nami nikakaa chini karibu naye na chupa ya uji na bakuli lake. Bagika walijipanga upande wa pili. Manju wao alikuwa mtu mrefu aliyevaa manyoya kichwani, na alikuwa na mwanasesere wa mti aliyevalishwa kofia ya mchimbaji, anayenyanyua sururu akivutwa kamba.

Filimbi ya kuanza ikalia. Pande zote mbili zikaanza. Na kaka yangu, kama alivyozoea miaka yote huko alikokuwa, akasimama mbele ya kundi letu akiwatazama waimbaji, na watu akawapa mgongo.

Sikuwa nimelifikiria hilo, wala yeye, wala mtu yeyote uani kwetu, maana uani hakukuwa na watazamaji. Manju hageuki. Manju huwatazama watu, huwaita, huwatania kwa majina, huwakonyeza wasichana. Watu walimwona mwanamume wa makamo mwenye suruali safi amewaonyesha kisogo na anapunga mikono hewani, na ngoma iko chini, haijapanda. Walisimama kidogo wakishangaa. Kisha manju wa Bagika akaliona, akalitia kwenye wimbo papo hapo: Bagalu wameleta fundi wa kupaka chokaa, mkono anao, ukuta uko wapi?

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Watu wakakimbilia kule kama maji yaliyofunguliwa. Wachimbaji wachache waliobaki kwetu walikuwa wakipiga kelele, "Mzee fundi, geuka tukuone sura!"

Baba alinivuta kanga. "Mwambie ageuke."

Nikaenda nimeinama, nikasimama ubavuni mwa kaka. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. "Kaka, baba anasema geuka."

"Siwezi, dada." Hakunitazama. "Wamesikia ule wimbo. Nikiwaacha sasa hivi wataanguka wote."

Nikawatazama wale waimbaji. Ni kweli, walikuwa wameshikilia macho yake kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Mama muuza dagaa alikuwa anaimba huku amemkodolea macho. Mume wangu, ambaye hakuna siku amekosa neno, alikuwa amenyamaza kabisa, anapiga tu.

Nilirudi nikamweleza baba maneno yale. Alinipa bakuli la uji, akainuka kwenye kigoda, akatembea taratibu mpaka katikati. Nilifikiri anakwenda kumwondoa. Alifika nyuma ya mwanawe, akageuka, wakasimama migongo inakaribia kugusana, kaka akiwatazama waimbaji, baba akiwatazama watu.

Sauti hakuwa nayo. Aliinua mikono. Akamnyooshea kidole mchimbaji mmoja, akaonyesha kwa mikono tumbo kubwa la yule bwana, akaigiza anavyoingia duarani na kukwama. Watu wakacheka. Akamwita mwanamke mmoja kwa ishara, akamwomba uchumba kwa magoti, mzee yule mwenye mvi, na mwanamke akamkubalia kwa vigelegele. Nyuma yake kaka akapandisha ngoma. Ilitoka chini kama alivyowafundisha, ikapanda, ikapanda tena, na pale nilipodhani imefika mwisho akainua mikono yote miwili na wale waitikiaji wa nyuma wakaingia. Watu walianza kurudi. Si wote, lakini walirudi wakikimbia, na wengine walivuka katikati ya Bagika wenyewe.

Sitasema tulishinda. Jioni Bagika walikuwa na watu zaidi, na kila mtu aliliona. Manju wao alikuja kumsalimia baba, akamwamkia shikamoo, na baba akamwitikia kwa kichwa. Yule bwana akamgeukia kaka: "Fundi, ukuta umeupata."

"Nimeupata," kaka alisema. "Una mvi kidogo."

Tulirudi kwenye lori, watu wamechoka, ngoma katikati. Baba alikaa karibu na kaka ili asikike, nami nilikuwa nimembana upande wa pili.

"Huko kwako," baba alinong'ona, "unawapa watu mgongo hivyo hivyo?"

"Ndiyo, baba. Mwanzo mpaka mwisho."

"Nao hawakimbii?"

"Wamekaa kwenye viti. Wamelipa kiingilio."

Baba alifikiri. "Basi huwezi kujua kama wanakupenda au hawataki hasara."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Akasema hilo kweli halijui, amejiuliza mara nyingi. Lori likaingia kwenye mashimo, tukashikana tusianguke. Kisha baba akasema tena, nami nikainamisha kichwa nisikie.

"Wale watu wangu, mimi nikiimba, wao wanatazama wasichana. Leo walikutazama wewe. Yule wa nyuma kabisa, sikujua kama anaimba. Miaka yote hii."

Kaka alishika mkono wa baba, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kushikwa mikono, aliuacha.

Likizo ilipokwisha tulimsindikiza stesheni ya Shinyanga. Safari zilizopita baba alikuwa anaagana naye nyumbani, kwenye banda la mbuzi. Safari hii alitembea nasi mpaka kwenye behewa. Kaka alitoa kichwa dirishani, na baba akasogea, akamshika shingo, akamnong'oneza sikioni. Kaka akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Honi ilikuwa inalia, sikusikia kitu. Treni ikaondoka.

Njiani kurudi Ngokolo nilimuuliza baba alikuwa anamwambia nini.

"Nimemwambia mwakani aje mapema, kabla watu hawajamaliza kuvuna," alisema. "Mumeo ana haraka kwenye ngoma. Anahitaji mazoezi."